Dakika Kumi za Nyongeza, Miaka Saba ya Kusubiri

Kila Septemba, mtihani wa darasa la saba unapokaribia, Baraza la Mitihani la Tanzania huwakumbusha wasimamizi kwamba mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu aongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Nimezitafakari sana dakika hizo. Mtoto asiyeona, anayesoma hesabu kwa kupapasa nukta nundu kwa vidole, hawezi kulitupia jicho swali zima. Jedwali analipapasa mstari kwa mstari, na tarakimu ikimponyoka anarudi mwanzo. Ndiyo maana Hisabati ina nyongeza mara mbili. Aliyepanga hivyo alimfikiria mtoto, akalifikiria na somo. Kumbe hoja ya kumfuata kila mwanafunzi kwa hali yake tumeshaikubali, ila kwa siku za mtihani tu. Kwa miaka yote saba kabla ya mtihani huo, mtoto mwenye uoni hafifu alikaa dawati la nyuma akinakili ubao asiouona, na ubao ukafutwa kabla hajamaliza.

Walimu wanaoupinga mpango wa mwanafunzi mmoja mmoja, yaani maandishi ya jinsi kila mtoto mwenye mahitaji maalumu atakavyofundishwa kwa hali yake, hawana roho mbaya. Mwenye watoto 90 darasani anaona unamletea makaratasi ya kujaza kabati. Wazazi wana hofu nyingine, nami naiona nzito zaidi: mtoto mwenye ulemavu wa akili asije akaishia kutunga shanga na kufagia mwaka hadi mwaka, eti ndicho kiwango chake. Mpango usiopitiwa upya kila muhula unaweza kabisa kumfanyia hivyo.

Lakini mpango wenyewe hauhitaji kuzidi ukurasa mmoja: anaweza nini leo, muhula huu afike wapi, nani atafanya nini, lini tutapima. Kwa mmoja lengo ni kurudisha chenji ya noti ya 1,000 bila kukosea. Kwa yule wa dawati la nyuma, ni kusogezwa mbele, na mwalimu kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Hilo la pili halina gharama, na wale 89 wengine nao wananufaika.

Panapokwama kweli ni kwa mtoto kiziwi. Umwongezee hata saa nzima, kama hakuna aliyemfundisha kwa lugha ya alama, atakaa nayo akiitazama karatasi. Hapo mwalimu wa darasa hana la kufanya peke yake. Anahitajika mtu aliyesomea elimu maalumu, kama wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi, tena apangwe shule ambayo mtoto huyo yupo. Ukurasa wa mtoto huyu ukijazwa kwa ukweli, penye "nani atafanya" patabaki wazi. Pengo hilo, likiwa na tarehe na sahihi ya mzazi, mwalimu mkuu anaweza kulibeba mpaka kwa ofisa elimu wa halmashauri na kuliweka mezani.