Mwalimu Aliyekwisha Kuwa Darasani Asipitishwe Kwenye Mchujo

Binti wa marehemu kaka yangu anafundisha hisabati na fizikia katika sekondari moja ya kata. Anajitolea, na huu ni mwaka wa tatu. Mwisho wa mwezi wazazi wanachanga, anakabidhiwa noti zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Msimu wa kulima hata hizo hazionekani. Kidato cha pili hadi cha nne ni vyake peke yake. Maabara hakuna. Somo la umeme analifundisha kwa betri za redio, kipande cha waya na balbu ya tochi.

Mwaka jana aliitwa kwenye usaili. Akapanda basi la alfajiri hadi mkoani, akaandika mtihani wa mchujo, akapata 47. Kufaulu ni 50. Jumatatu akarudi kwenye ubao uleule. Serikali imesema hafai kuajiriwa, na watoto bado imemwachia yeye.

Zamani hapa Tanzania TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, iliwapangia walimu vituo moja kwa moja. Ni Januari 2025 walipoanza kupita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi za umma: mtihani wa kuandika kwanza, kisha mahojiano. Kwa masomo ya sanaa, ambako waombaji wanafurika na nafasi ni chache, sina ugomvi na utaratibu huo. Lakini fizikia? Hisabati? Huko tunatafuta walimu kwa tochi, halafu tunawachuja kana kwamba wamejaa.

Najua hofu iliyopo. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na hakuna anayetaka kurudi huko. Ila tukumbuke kilichowanasa: vyeti vyao vilihakikiwa. Ukaguzi huo usilegezwe hata kidogo, kwa mtu yeyote.

Kinachoweza kulegezwa ni karatasi ya mchujo. Mwalimu wa sayansi aliyejitolea miaka miwili, mkuu wa shule na afisa elimu kata wakamthibitisha, vyeti vikaonekana safi, apelekwe moja kwa moja mbele ya wanafunzi afundishe kipindi kimoja huku wasaili wameketi nyuma. Dakika 40 zinatosha kumjua mwalimu. Na aliyefaulu akakosa nafasi abaki kwenye kanzidata, yaani orodha ya wanaosubiri nafasi, mpaka apangiwe, asirudishwe mwanzo kisa muda wa kukaa humo umeisha.

Bila kibali cha ajira kutoka juu haya yote hayaendi, nalijua hilo pia. Lakini kibali kikitoka na nafasi ya fizikia ikabaki wazi, wakati anayeifundisha yupo palepale shuleni, hapo hatuwezi kusingizia bajeti.

Juzi nilimpigia kumuuliza kama ataomba tena. "Nitaomba, baba mdogo," akasema, "ila nipigie jioni, kidato cha nne wananisubiri."