Nambari Hiyo Umeitoa Wapi?

Ukiwaambia watu wa nyumbani Tanzania kwamba Wajerumani nao hudesa, wengi wanacheka. Lakini mwaka 2011 waziri wao wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alivuliwa shahada ya udaktari (PhD) na Chuo Kikuu cha Bayreuth kwa kunakili kazi za watu, akajiuzulu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wenzetu wamezaliwa waaminifu. Wanachotuzidi, kwa maoni yangu, ni semina, ambamo mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na kuulizwa kuhusu kazi yake.

Chukua semina ya nyota za nyutroni, yaani mabaki yaliyosongamana sana ya nyota kubwa zilizoporomoka. Kazi ya kawaida ni kukokotoa tungamo na nusu kipenyo cha nyota kwa mlinganyo wa wanafizikia Tolman, Oppenheimer na Volkoff wa mwaka 1939. Unachagua msongamano wa katikati, tuseme gramu 10^15 kwa sentimita ya ujazo. Unaanza mita chache nje ya kitovu, kwa sababu ukianza na r = 0 (r ni umbali kutoka kitovuni) kompyuta itagawanya kwa sifuri. Unasonga nje hatua kwa hatua hadi kanieneo iishe. Hapo ndipo uso wa nyota. Unaandika majibu, unabadili msongamano, unarudia mpaka upate grafu ya tungamo, ambayo hupanda hadi kilele.

Mdesaji hukwama kwenye vizio. Jedwali la kanieneo na msongamano wa nishati mara nyingi huja kwa MeV (kizio cha nishati) kwa femtomita ya ujazo, na 1 ya hiyo ni ergi (kizio kingine cha nishati) 1.602 × 10^33 kwa sentimita ya ujazo. Aliyeazima programu ya mwenzake hajui ubadilishaji huo umefanyika mstari gani. Akiingiza jedwali jingine, nyota inavurugika na hana la kusema.

Kipimo cha kujua kama programu yako ni sahihi kipo: gesi ya nyutroni zisizosukumana lazima ikupe kilele cha takriban 0.7 ya tungamo la Jua. Nyota halisi PSR J0740+6620 ina karibu 2.08, kwa hiyo nguvu kati ya nyutroni haziwezi kupuuzwa. Kisha mtu aliyekaa nyuma semina atauliza: mbona mstari wako unaendelea kupita kilele? Aliyefanya kazi mwenyewe atajibu kwa sentensi moja kwamba nyota za upande ule si thabiti, zikitikiswa zinaporomoka. Aliyekopi slaidi atatazama dari.

Kwetu swali kama hilo huonekana ni kumuumbua mwenzako, na ukiuliza chanzo cha grafu utaambiwa una lako jambo. Mwalimu naye, mwenye wanafunzi mia mbili, ataipata wapi alasiri ya kumhoji mmoja mmoja? (Hili lazima tulikubali kabla ya kuwalaumu vijana.) Basi tunaiachia programu ya kukagua ufanano, ambayo hulinganisha maneno. Grafu ya wizi iliyochorwa upya inapita. Mwanafunzi anajifunza kupindua sentensi hadi asilimia ishuke, fizikia haijaguswa.

Na kazi hii haihitaji darubini. Inatosha kompyuta ya mkononi, lugha ya programu ya Python na mistari michache ya programu. Ningeanza na makundi ya watu sita, kila mmoja aonyeshe programu yake ukutani, na alama zigawiwe hata kwa anayesema: yangu inatoa 0.9 badala ya 0.7, nimekagua vizio na hatua, nadhani kosa liko hapa.