Kabla ya Kuhesabu Kore, Hesabu RAM

Jamaa yangu anayefanya kazi kwenye kampuni ya mikopo ya simu hapa Kampala alinitumia proforma ya seva akitaka maoni yangu. Mashine tatu, kila moja ina prosesa mbili zenye jumla ya kore 32 (kore ni kitengo cha kukokotoa ndani ya prosesa), RAM (kumbukumbu ya haraka) ya GB 64, na diski nne za kuzunguka za TB 4 zilizofungwa kwa RAID 5, mpango wa kuziunganisha ili moja ikifa data ibaki. Chini kabisa muuzaji ameandika kwa herufi nzito: jumla ya kore 96. Kazi yenyewe ni hifadhidata ya grafu itakayounganisha namba za simu, vitambulisho, mawakala na miamala, ili kuwanasa wale wanaokopa kwa majina kumi huku pesa zote zikiishia kwenye laini moja.

Maoni yangu ni mafupi. Mashine tatu ziwe moja, kore zipungue, pesa iende kwenye RAM kwanza, kisha kwenye NVMe, yaani diski za kasi zisizozunguka.

Hifadhidata ya majedwali husoma kwa mafungu. Inachukua safu elfu zilizopangana, inazipitia kwa mfululizo, na diski yoyote yenye afya inaimudu kazi hiyo. Grafu haisomi hivyo. Unaanzia kwenye namba moja ya simu, unafuata kiungo hadi kwa wakala, kwa wakala unatokea kwenye namba nyingine mia, na kila hatua inakutupa sehemu ya diski isiyohusiana hata kidogo na ile uliyotoka. Prosesa haiwezi kutangulia kukisia, kwa sababu anwani ya hatua ya pili imeandikwa ndani ya hatua ya kwanza. Inabidi ingoje.

Basi tupige hesabu ya kungoja. Chukua swali la hatua tatu, kila nodi (namba, mtu au wakala) ikiwa na viungo 50. Hizo ni 50 mara 50 mara 50, yaani viungo 125,000 vya kugusa. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, kwa hiyo jumla ni milisekunde 12 na ushei. NVMe nzuri hujibu kwa kama maikrosekunde 100, na hapo tumefika sekunde 12 na nusu. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja tu; ukijumlisha na kichwa kusogea, kila usomaji wa kurukaruka unakaribia milisekunde 10, na swali zima linachukua dakika 20 na zaidi. Hiyo ni hali mbaya kabisa, najua, pale ambapo hakuna kilichokwisha kuwekwa kwenye keshi (nakala ya haraka ndani ya RAM) na kila kitu kinafuatana kimoja kimoja. Lakini hata ukiigawa kwa kumi, mkopaji ameshapokea pesa na kuzitoa kwa wakala pale Kikuubo, na mfumo bado unatafuta.

Ndiyo maana swali la kwanza ni uzito wa grafu yako. Wengi wanaliruka hili wakaenda moja kwa moja dukani, nami sielewi kwa nini, maana ni hesabu ya darasa la sita. Neo4j, hifadhidata ya grafu ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa toleo la jamii ni la bure, kwa miaka mingi imetunza kila nodi kwa baiti 15, kila kiungo kwa baiti 34, na kila rekodi ya sifa (kama jina au tarehe) kwa baiti 41. (Matoleo mapya ya kulipia yana mpangilio mwingine, ila kwa kukadiria hizi zinatosha.) Nodi milioni 100 ni GB 1.5. Viungo bilioni moja ni GB 34. Rekodi za sifa milioni 500 ni GB 20.5. Tumefika GB 56. Weka faharasa juu yake, weka hipu ya Java (sehemu ya RAM ambayo programu yenyewe inafanyia kazi), iachie Linux yenyewe kidogo, halafu fikiria biashara ikikua. GB 128 itabana. GB 256 itapumua.

Kuhusu hipu, watu hupenda kuijaza wakidhani ndiko data inakokaa. Data hukaa kwenye keshi ya kurasa, sehemu ya RAM inayoshika nakala ya data ya diski, nje ya hipu. Ukivuka GB 32 hivi, Java inaacha kutumia anwani fupi za ndani, kila anwani inanenepa, na unaweza kuongeza GB kadhaa usione faida yake. Isipokuwa kama utaendesha algoritimu za GDS, kifurushi cha Neo4j cha kuchambua grafu, kama vile kutafuta makundi ya akaunti zinazozungukiana: hapo grafu unayoichambua inapakiwa ndani ya hipu yenyewe, na hesabu ya RAM inabidi ianze upya. Muulize mchambuzi wenu kabla ya kuagiza.

Muuzaji atasema mashine tatu za GB 64 ni sawa na GB 192. Si sawa. Toleo la jamii la Neo4j halina klasta (mashine kadhaa zikifanya kazi kama moja) kabisa. La kulipia linayo, lakini kwa kawaida kila mashine kwenye klasta hubeba nakala nzima ya grafu, kwa hiyo una GB 64 mara tatu, na grafu ya GB 56 haitaenea vizuri kwenye hata mojawapo. Klasta hiyo inakulinda mashine moja ikifa na inagawana wasomaji, basi. Ukihamia JanusGraph, hifadhidata nyingine ya grafu, juu ya Cassandra inayoihifadhia na ambayo kweli hugawa data, kila kiungo kinachovuka kutoka mashine moja kwenda nyingine kinapita kwenye waya, na kwenda na kurudi hata ndani ya chumba kimoja huweza kufika mamia ya maikrosekunde. Tumerudi kwenye kasi ya diski baada ya kulipia seva tatu. Wapo wanaohitaji kugawa, wenye grafu ambayo hakuna mashine moja inayoweza kuibeba. Kampuni ya mikopo ya Kampala yenye viungo bilioni moja haimo.

Sasa hizo kore 96. Katika toleo la jamii, swali moja la Cypher (lugha ya kuiuliza Neo4j) hutembea kwenye kore moja. Toleo la jamii la GDS nalo limefungwa lisitumie zaidi ya kore nne. Kore nyingi zina faida wakati wauliza maswali ni wengi kwa pamoja, na kampuni yenye wachambuzi wachache haifiki huko. Ningetafuta prosesa moja yenye kore chache za mwendo mkali na keshi kubwa ndani yake. AMD EPYC 73F3, kwa mfano, ina kore 16, inaanzia GHz 3.5, na keshi yake ya L3 ni MB 256. Nasema moja kwa makusudi: kwenye ubao wa prosesa mbili, nusu ya RAM iko upande wa mwenzake, na kuifikia kunachelewa, jambo ambalo kazi ya kufuata anwani hulihisi kuliko kazi nyingine yoyote. EPYC hiyo ina njia nane za RAM, hivyo vijiti nane vya GB 32 vinaijaza sawasawa, na kwenye ubao wa nafasi 16 unabaki na nane za kesho.

RAM iwe ya ECC, inayojisahihisha biti ikigeuka, na hapa sijadiliani na mtu. Kwenye jedwali, biti moja ikigeuka unapata tarakimu mbaya. Kwenye grafu biti hiyo inaweza kuwa ndani ya anwani, na ghafla mama muuza mboga wa Nakawa anaonekana ni ndugu wa tapeli.

Halafu kuna umeme. Bwawa la Karuma limetuongezea MW 600, lakini nguvu hiyo bado inapita kwenye nguzo na transfoma kabla ya kufika kwako, na radi za pembezoni mwa ziwa Victoria hazina adabu. Kila mashine inapozimika ghafla, RAM inamwagika yote. Ikiwaka tena keshi ni tupu, na grafu iliyokuwa inajibu kwa milisekunde inaanza kujibu kwa sekunde. Kujaza upya GB 60 kutoka NVMe inayosoma GB 3 kwa sekunde ni sekunde 20 ukisoma kwa mfululizo. Kutoka SSD ya SATA, isiyozunguka pia ila ya polepole kuliko NVMe, ni dakika mbili. Kutoka diski ya kuzunguka, kwa kurukaruka, asubuhi yote. Watu husema diski haina maana ikiwa grafu yote inaenea kwenye RAM. Wanaosema hivyo wanaishi mahali ambapo seva haizimwi. Nunua NVMe za daraja la seva zenye kapasita za kumalizia kuandika umeme unapokatika, mbili zikiakisiana, pamoja na UPS ya online (betri inayolisha mashine bila kukatika) inayoweza kuhimili hadi jenereta ishike.

Kama ofisi haina chumba cha hivyo, kuna kituo cha data cha Raxio pale Namanve tangu 2021, unapanga nafasi na kuleta mashine yako. Wingu, yaani kukodi seva za mtandaoni, pia lipo. AWS, wingu la Amazon, ilifungua kituo Cape Town mwaka 2020, nami ningekodi huko kwa kipindi cha kupima tu, kwa data ya mfano. Kuhamishia nje miamala ya wateja halisi kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na RAM kubwa ya kukodi kwa saa, kwa dola, ndani ya mwaka inauma.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kupakia nakala ya grafu yenu, au ya kubuni yenye ukubwa ule ule, na kuendesha swali la hatua tatu. Liendeshe mara baada ya kuzima na kuwasha, kisha liendeshe tena papo hapo. Kama la pili nalo linasuasua, RAM haitoshi. Kama ni la kwanza peke yake, diski ndiyo ya kubadilisha.