Waini ya nyumbani inataka mwaka, sio wiki mbili

Kila nikimwonjesha mtu waini yangu ya asali swali la kwanza ni lilelile, "hii ina stimu kweli?" Anayejitahidi sana ataniuliza ina asilimia ngapi. Hakuna anayeuliza asali imetoka wapi, imerinwa lini, imekaa muda gani ndani ya chupa. Na kwa kweli linaniuma, manake huu ni mwaka wa 5 natengeneza hii kitu nyumbani na sijawahi kuifanya kwa ajili ya ukali, ingekuwa ni ukali tu ningeenda dukani nikamaliza habari.

Nimekulia Manyoni, mkoani Singida. Babu alikuwa na mizinga ya magogo juu ya miti huko porini na akisharina, asali safi ilikamuliwa ikauzwa, halafu yale masega yaliyobaki, yenye nta na chavua na majana (watoto wa nyuki) humohumo, bibi aliyaosha kwenye maji ya vuguvugu, yale maji matamu ndo yakaingia kwenye mtungi kuwa wanzuki, pombe ya asali. Alifunika kwa kitambaa na kuuweka mtungi karibu na jiko kwa sababu ya joto. Kila asubuhi alikuwa anainama anaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, amenyamaza kabisa na sisi watoto tunanyamaza, anasikiliza. Akisikia kile kisauti cha mapovu madogomadogo kama mvua ya mbali anasema "bado inaongea, iacheni." Hakuwa na kipimo kingine.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba bibi alikuwa anajua kitu ambacho mimi nimekisoma kwa shida. Asali yenyewe haichachi, maji yake ni machache mno, hamira haiwezi kuishi humo. Ukiiongezea maji inaamka. Ila sasa asali ni sukari tupu karibu, hamira ikiingia inakuta utamu mwingi na chakula kingine hakuna, inafanya kazi kivivu au inakasirika inaanza kutoa harufu ya yai bovu. Yale majana na chavua ndo yalikuwa chakula chake! Waini yangu ya kwanza niliitengeneza kwa asali iliyochujwa safi kabisa ikagoma wiki nzima, na mimi nashangaa mbona nimefanya kila kitu kisafi kuliko bibi.

Na sio bibi peke yake. Wakikuyu kwenye muratina yao wanatumia tunda la mvungunya lililochemshwa likakaushwa, lile tunda linabeba hamira ya pombe iliyopita kwenda kwenye pombe mpya, na mpaka leo kwenye mambo ya posa muratina inaheshimika. Waethiopia wana tej yao ya asali, wanaitia majani na vijiti vya gesho kuipa uchungu kidogo. Yaani ukanda wetu huu umejaa ujuzi wa asali, halafu mtu akitaka kuanza leo anatazama video za Wazungu anaona kama ni kitu kigeni. Video ziangalie, mimi nimejifunza mengi humo, lakini muulize na shangazi yako kwanza.

Mimi nafanya hivi. Asali kilo 2 na nusu, naongeza maji ya kunywa mpaka jumla ifike lita 10, siichemshi asali kwa sababu ukiichemsha harufu ya maua inaondoka na mvuke na ile harufu ndo kitu pekee ulichoilipia. Konzi ya zabibu kavu zilizokatwakatwa, chavua kidogo kama ipo, limau moja. Hamira ya waini nikiipata, kipaketi cha gramu 5 kinatosha mpaka lita 20, nisipoipata hamira ya mikate inafanya kazi, ni vile inachoka mapema. Dumu nalisafisha kwa maji ya moto na kulisuuza mpaka nimechoka mwenyewe, kwenye usafi sina mzaha, pombe nyingi zinazogeuka siki ni uchafu na hewa. Mfuniko nimeutoboa nikapitisha mpira mwembamba, ncha nyingine iko kwenye chupa ya maji, gesi inatoka hewa hairudi. Blup, blup, usiku kucha. Wageni wanaolala sebuleni wamezoea.

Baada ya wiki 3 au 4 povu linapungua, mashapo yanakaa chini kama uji mzito wa rangi ya maziwa, hapo naweka dumu juu ya meza na jingine sakafuni navuta kwa mpira taratibu bila kutikisa. Ukionja siku hiyo ni mbaya. Sitaki kumdanganya mtu, ni mbaya, inachoma koo, inanuka hamira, utamu umeondoka na hakuna kilichokuja badala yake. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaonja wiki ya 3, wanasema imekataa, wanamimina sukari kilo nzima ili inyweke halafu wanaiweka kwenye chupa.

Ukiiacha miezi 4 ule moto unashuka. Miezi 8 inakuwa angavu, unaweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Ikifika mwaka inatokea kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua, harufu ya asali inarudi. Utamu haurudi, ni harufu tu, unainusa unategemea sukari, unainywa kumbe ni kavu, na ile harufu inabaki puani hata ukishameza. Hakuna nilichoongeza hapo katikati. Ni muda tu, na muda ndo kiungo pekee kwenye hii kazi ambacho sote tunacho sawa, tajiri na asiye nacho.

Kwa hiyo nikiona waini ya rozela au nanasi imeanza Jumatatu na inauzwa Jumamosi ya wiki ya pili, tamu kama juisi, naumia. Sio kwamba rozela ni mbaya, rozela ni nzuri mno, rangi ile hakuna tunda linaifikia na choya, ndo rozela yenyewe, zimejaa huku Dodoma na Singida. Ila tunaikata njiani. Na hiyo imani kwamba sukari nyingi ndo ukali mwingi ina mwisho wake: sukari kama gramu 17 kwenye lita moja inatoa kilevi cha asilimia 1 hivi, hamira ya mikate kwa kawaida inachoka ikifika 10 mpaka 12, kwa hiyo ukijaza gramu 300 au 400 kwa lita hiyo ya ziada inabaki sukari vilevile, halafu unasema waini ya kienyeji haifai.

Na kuna hatari nyingine. Mwaka wangu wa 2 nilikuwa na haraka, kuna sherehe ya familia inakuja nikataka nipeleke chupa zangu, nikaifunga waini ya nanasi ikiwa na wiki 5 na bado ina utamu. Usiku wa 4 nikasikia mlio stoo, nikadhani paka kaangusha kitu, kabla sijafika ukapiga mwingine. Chupa 3 zilipasuka, kipande cha kioo kilikuwa kimesimama kwenye gunia la mchele kama kisu, na mchana ule mtoto wa dada yangu alikuwa amecheza humo stoo. Sikulala. Tangu siku hiyo sifungi chupa bila haidromita, ni kijiti cha kioo kinachoelea, kikionyesha chini ya 1.000 na baada ya wiki 2 kipo palepale basi kazi imeisha. Hamira ikikuta sukari ndani ya chupa iliyofungwa inaendelea na kazi yake, na gesi lazima itafute pa kutokea.

Watu wananiuliza pia kuhusu sumu, na wana haki ya kuuliza, wenzetu Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa ile pombe haramu ya kumi-kumi iliyotiwa methanoli. Lakini tuelewane, kuchachusha matunda na asali kunatoa methanoli kidogo sana, maafa yale yanatokana na watu kuchanganya spiriti za viwandani kwenye kinywaji au kukeneka (kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake) hovyo. Mimi sikeneki, na ninakuomba usikeneke, gongo ni jambo jingine kabisa na sheria yetu imelikataza. Kuuza nako kuna vibali na kuna TBS, shirika la viwango. Hii ni ya kunywa nyumbani, glasi moja na chakula, na asiyekunywa kwa imani yake nampa juisi ya zabibu tunaendelea na maongezi.

Juisi ya zabibu nasema kwa sababu Dodoma zinavunwa mara 2 kwa mwaka, na zabibu ukweli ni tunda lililojitosheleza, lina sukari yake, uchachu wake, kila kitu. Ndo maana hainivuti sana, kazi yote limeshafanya lenyewe. Mimi napenda zambarau. Zile nyeusi zilizoiva mpaka zinaanguka, kilo 4 kwa lita 10 na sukari kilo 2 hivi, unaziponda kwa mkono taratibu usivunje kokwa, vidole vinabaki vya zambarau siku 3. Unajua zambarau inavyoukakamaza ulimi? Ule ukakasi mwezi wa kwanza unakera, mwezi wa 10 ndo unaoishika waini isiwe maji. Nanasi haina hicho kitu, ndo maana kwenye nanasi natia kikombe cha chai ya rangi iliyokolea.

Mwaka jana nilienda Manyoni na chupa moja ya asali, miezi 14. Babu sasa macho hayaoni vizuri. Nikammiminia kwenye kikombe cha bati, akanusa muda mrefu, akanywa kidogo, akakaa kimya, nikajua sasa ataniambia imepoa haina nguvu. Akaniuliza, "mjukuu wangu, hawa nyuki walikuwa kwenye mtundu?" Nikamwambia ndiyo babu, aliyeniuzia alisema ilirinwa miti ya mitundu imetoka kuchanua. Akasema alijua. Kisha tukaongea kuhusu miti mpaka giza likaingia, ipi inatoa asali nyeusi, ipi nyepesi, na wapi imekatwa ikageuzwa mkaa.

Kama unataka kuanza, anza na lita 5, usianze na pipa. Andika kwenye karatasi ya gundi tarehe, tunda, vipimo, bandika kwenye dumu, kwa sababu utasahau. Tengeneza chupa nyingi kidogo kuliko unazohitaji ili uwe na za kuonja njiani na zibaki za kufikia mwaka. Mimi dumu langu la sasa limeandikwa tarehe 9 mwezi wa 6, bado linaongea.