Serikali ilipe, lakini ufunguo wa stoo ubaki kijijini

Mwezi wa tano, mtama ukiwa umeanza kuingia nyumbani, nilihudhuria kikao cha wazazi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Tulikaa chini ya mti nyuma ya ofisi ya walimu. Ajenda ilikuwa moja tu: uji. Kamati ya shule ilipendekeza kila mzazi atoe debe la mtama, pamoja na shilingi 3,000 za mpishi. Mzee mmoja akasimama. "Tuliambiwa elimu ni bure. Bure gani hii yenye debe?" Watu wakampigia makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu palepale alipokaa: "Baba, mjukuu wako anaamka saa kumi na moja, anarudi saa tisa. Unataka akae na nini tumboni?" Naye akapigiwa makofi, na watu walewale.

Nimekuwa nikiyafikiria makofi hayo kila ninaposikia ubishi wa mjini Dodoma kuhusu shule za serikali. Wapo wanaosema serikali imeshindwa, ibaki na kazi ya kukagua ubora tu, shule waachiwe mashirika ya dini na watu binafsi. Wapo wanaosema elimu ni haki, kwa hiyo serikali ilipe na iendeshe kila kitu, mzazi asiguswe. Naona pande zote mbili zimefunga mambo mawili katika kifurushi kimoja. Kulipia shule ni jambo moja. Kuiendesha ni jambo lingine.

Katika kulipia, kwangu hakuna mjadala, na historia ya mkoa huu wa Dodoma ndiyo inayonifanya niseme hivyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, baadaye wakajenga Mvumi na kwingineko, na kazi yao ilikuwa kubwa. Hata hivyo shule za misheni zilistawi zaidi mahali palipokuwa na fedha ya mazao. Kilimanjaro na Bukoba walikuwa na kahawa. Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, ilikuwa na msimu mmoja wa mvua, tena wa kubahatisha, na miaka ya njaa ambayo wazee wanaihesabu kwa majina. Ndiyo maana serikali ilipozitaifisha shule kwa Sheria ya Elimu ya 1969, hoja ilikuwa nzito: nafasi za sekondari zilikuwa zinakwenda kwa watoto wa mikoa michache na wa dini moja kuliko nyingine. Mtoto wa mfugaji wa Bahi asingesubiri soko limkumbuke.

Tazama pia kinachotokea kila ada inapoondolewa. Azimio la Musoma la 1974 liliweka lengo la kila mtoto kuwa darasani ifikapo 1977, na watoto wakaingia kwa mamilioni. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, ada ikarudi, uandikishaji ukashuka. Ada ya shule za msingi ikafutwa tena 2001, madarasa yakafurika. Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne, yakafurika tena, na baadaye ikasogezwa hadi kidato cha sita. Watoto hao hawakuzaliwa mwaka ule wa kufutwa ada. Walikuwa nyumbani, wanachunga mbuzi na kulea wadogo zao. Ada ilikuwa boma, na waliokuwa nje yake walikuwa watoto wa maskini.

Sasa niwape haki yao wanaosema serikali imeshindwa, maana hawasemi kwa ubaya. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 hayajasahaulika: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa katika kila kata, zilikuwa zimejengwa kwa kasi, na majengo yalitangulia walimu. Kabla ya hapo, baada ya Azimio la Musoma, tulikuwa na walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya haraka kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko walimu. Mara mbili taifa limefungua mlango wa darasa bila kuandaa mtu wa kusimama ubaoni. Mzazi akiona hivyo, akauza ng'ombe ili ampeleke mtoto shule binafsi, siwezi kumwita msaliti.

Na wanaoweza wanaondoka. Tangu watumishi waanze kuhamia Dodoma, nenda Ilazo au Area D alfajiri uone mabasi ya njano ya shule binafsi yakizunguka mitaa. Yanawabeba pia watoto wa watumishi wa ofisi zilezile zinazosimamia shule za serikali. Hili linaniuma kuliko uhaba wa madawati. Mzazi mwenye elimu, anayejua pa kupeleka barua na namna ya kudai majibu, ndiye wa kwanza kuondoka. Shule inabaki na wazazi ambao wakienda ofisi ya halmashauri wanaambiwa warudi kesho.

Lakini tusilinganishe visivyolingana. Shule nyingi binafsi huchuja kwa usaili, na zipo zinazomkaririsha au kumhamisha mtoto asiyefikia wastani, ingawa serikali imekuwa ikikataza. Shule ya kijiji inapokea kila anayefika mlangoni, mwenye viatu na asiye navyo. Naona Baraza la Mitihani lilifanya vyema lilipoacha, kwenye matokeo yaliyotolewa Januari 2023, kutangaza shule kumi bora. Jedwali lile lilikuwa linapima uchujaji kama lilivyopima ufundishaji.

Kuna pendekezo kwamba ruzuku imfuate mtoto: serikali itoe fedha, mzazi achague shule. Mjini linavutia. Bahi vijijini shule ni moja, nyingine iko kilomita kadhaa ng'ambo ya mbuga ambayo masika haipitiki. Achague nini? Tena ruzuku yenyewe ni kiasi gani? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shule ya msingi ilipangiwa kama dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kisha ikawekwa shilingi 10,000, na katika mpango wa elimu bila ada ya 2016 shilingi 4,000 kati ya hizo zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa shule yenye watoto 600, 6,000 zinazobaki ni shilingi 300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme. Hakuna mwekezaji atakayefuata fedha hiyo porini. Serikali isipokuwepo, hapatakuwa na mtu.

Tatizo langu liko kwenye kuendesha. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na uthibiti ubora. TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, inashika shule zenyewe kupitia halmashauri. Tume ya Utumishi wa Walimu inashika vyeo na nidhamu ya walimu. Kamati ya shule, ambayo wajumbe wake wanaiona shule kila siku, imebakiwa na uji na tundu za vyoo.

Nilionja jambo hili mwenyewe. Katika shule anayosoma mwanangu, mwalimu wa hisabati alihamishwa mwezi wa tatu. Mbadala alifika mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, akaniambia kwa upole kwamba yeye hana mamlaka, ameshaandika. Nikaenda juu, nikaambiwa suala liko kwenye mchakato. Kamati ikaandika barua mbili. Katikati ya hayo kijana mmoja wa kujitolea, aliyemaliza chuo na hana ajira, ndiye aliyewafundisha watoto, nasi wazazi tukawa tunamchangia nauli. Hakuna aliyefanya kosa unaloweza kulinyooshea kidole. Kila mmoja alikuwa anatazama juu, hakuna aliyelazimika kutujibu sisi.

Najua hatari ya kuzipa kamati nguvu. Mwenyekiti anaweza kuwapa zabuni ndugu zake. Kijiji chenye alizeti na zabibu kitakimbia, cha wafugaji kitabaki. Michango nayo ina historia mbaya: Rais Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018 kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha za wazazi wao. Marufuku ile ilikuwa na msingi, na mtoto asirudishwe kwa debe la mtama, hata moja. Hata hivyo wazazi wengi waliielewa kwamba shule si yao tena, na maeneo mengine sufuria za uji zikapoa.

Kwa hiyo mizani yangu imelalia hapa. Mishahara, majengo na vitabu vitoke hazina, na ile shilingi 10,000 ipandishwe, kwa sababu bei ya chaki na ya bati imepanda tangu ilipowekwa. Mahudhurio ya walimu na matumizi ya ruzuku yasomwe mbele ya wazazi kila muhula. Na kamati ikiandika kwamba darasa halina mwalimu, halmashauri ifungwe na sheria kujibu kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana. Hapo serikali itakuwa inaendesha shule ikiwa na mtu wa kuihoji kwa karibu.

Kile kikao cha Bahi kilimalizika jua likizama. Walikubaliana debe moja kwa kaya yenye uwezo, nusu kwa wajane, na mtoto wa asiyetoa anywe uji kama wenzake. Nilirudi mwezi wa saba nikaonyeshwa stoo. Mlango una kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mwalimu mkuu, wa pili amekabidhiwa yule mama, na kila asubuhi kabla ya saa mbili wanakutana pale mlangoni, wanapima debe, wanaandika kwenye daftari, na wote wawili wanatia saini.