Saa ya Mjomba

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, nilianza kuitwa padre kabla hata sijapanda basi. Jumuiya ilinichangia tranka, godoro, ndoo na shuka mbili. Kuku wanne wakachinjwa. Bibi akapiga magoti mbele yangu akaomba nimbariki. Nikamwinua harakaharaka: "Bibi, bado miaka tisa!" Mmoja wa malezi, mitatu ya falsafa, minne ya teolojia, na mmoja wa kichungaji katikati. Akanijibu, "Wewe bariki tu. Hiyo miaka tisa mimi sitakuwepo."

Stendi, mjomba akavua saa yake ya mkononi, ile ya plastiki yenye namba za kuwakawaka, akanivisha. "Padre hachelewi," akasema.

Nikafika seminari nikiwa na deni la kuku wanne na saa nisiyojua kuitumia.

Wenzangu wengi walitoka seminari ndogo. Wanajua kukunja kanzu, wanajua wapi pa kusimama na wapi pa kuinama, na Kilatini wanakitafuna kama karanga. Mimi nimetoka sekondari ya kata. Siku ya kwanza Gambera, mkuu wa seminari, aliita "Frateri!" kwenye korido, nikageuka nyuma kumtazama anayeitwa. Hapakuwa na mtu.

Jioni ile akatutia moyo. Akatusimulia habari za Yohane Maria Vianney, jinsi Kilatini kilivyomtesa na mitihani ikamwangusha, lakini mwaka 1815 akapewa upadre, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Wenzangu wakashusha pumzi. Mimi nikawaza: sawa, lakini yule alikuwa mtakatifu. Hata Yeremia alipojitetea, "mimi ni mtoto," alikuwa anazungumza na Mungu mwenyewe. Mimi nilikuwa bado naogopa kuzungumza na mpishi.

Kazi zikagawiwa. Kwa kuwa kwenye usaili nilijisifu kwamba nyumbani huamka mapema kukamua ng'ombe, nikapewa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mparachichi, na nondo ya kuligongea. "Kengele ni sauti ya Mungu," Gambera akatuambia. "Ikilia, hakuna kuuliza." Sikula ugali wangu wote usiku huo.

Ratiba ilibandikwa mlangoni: Kuamka, 11:00. Sasa, kila mtu anajua kwamba mshale ukiwa kwenye tano sisi tunasema kumi na moja. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini saa ya mjomba haikuwa na mshale, na mimi akili nilikuwa nimeiacha Sumbawanga. Nikabonyeza, nikabonyeza, hadi alamu ikasoma 11:00 sawasawa na ratiba. Pembeni palikuwa na herufi ndogo, P. Nikadhani ni P ya Padre. Moyo ukatulia kidogo.

Saa nne taa zikazimwa. Ukimya mkuu ukaanza. Nikafumba macho, na kama kufumba na kufumbua, pi-pi, pi-pi. Nikaangalia: 11:00. Nikaangalia ratiba kwa mwanga wa tochi: 11:00. Nikavaa kanzu, nikaenda mparachichini, nikaligonga rimu lile kama mtu aliyeona moto.

Jirani yangu wa kitanda, kijana wa Mbeya, alikuwa na saa ya mishale. Baadaye alikiri kwamba aliitazama, akaitikisa, akaiweka sikioni, halafu akaiamini kengele. Simu zetu zilikusanywa siku tuliyofika. Basi vijana thelathini na kitu tukajimwagia maji ya baridi ya nyanda za juu, maji yanayouma kama mswaki wa chuma, tukaingia kanisani meno yakigongana. Tukaanza Masifu ya Asubuhi. Saa mbili tu zilikuwa zimepita tangu tumwombe Mungu usiku mtulivu.

Tulikuwa kwenye zaburi ya pili alipoingia Gambera, kanzu vifungo vimepishana, ndala mguuni. Akasimama. Akatusikiliza tukiishukuru alfajiri. Akatoka nje, akautazama mwezi, akarudi.

"Mpiga kengele ni nani?"

Nikanyoosha mkono uliovaa saa. Akaushika, akasoma, akafumba macho kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anasali au anahesabu. "Frateri," akasema, "hii ni saa tano na dakika thelathini na nane. Usiku." Kisha akanivua saa ile taratibu, akaitia mfukoni. "Hii niachie mimi. Nendeni mkalale."

Nikarudi kitandani bila saa. Nifanyeje? Nikakaa kitako, mgongo ukutani, kusubiri jogoo. Jogoo wa kwanza nilimsikia. Wa pili sina habari naye. Nilipofumbua macho jua lilikuwa usoni, na mlango wa kanisa unagongwa: masista wa jirani na waumini walikuja Misa ya asubuhi, wakakuta seminari nzima inakoroma.

Sikusubiri kuitwa. Nilifunga tranka, nikalikunja godoro, nikaanza kupiga hesabu ya nauli na ya wale kuku. Gambera akanikuta mlangoni, ndevu hajanyoa.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Baba. Nimeona wito sina."

Akalitazama godoro. "Saa yako nilikunyang'anya mimi," akasema. "Na nilipokunyang'anya, sikukupa nyingine. Rudisha hilo godoro, kagonge kengele ya chai. Ni sasa hivi, usibabaike na namba."

Nikagonga. Mchana kutwa hakuna aliyenicheka, na hilo likaniogopesha zaidi.

Usiku ule, taa zimezimwa, ukimya mkuu umetanda, kutoka chumba cha Gambera mwisho wa korido ikasikika: pi-pi, pi-pi. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Bweni zima likatulia kama maji mtungini. Mlango ukafunguka. Ndala zikaja, pa, pa, pa, zikasimama kando ya kitanda changu.

"Frateri," akanong'ona, saa ikimulika kiganjani mwake, "hii inazimwaje?"