Vyama vya siri vya Yale na vimemo vya nyumbani

Kila nipigapo simu Moshi na mazungumzo yakafika kwenye mji ninaoishi, New Haven katika jimbo la Connecticut, ndugu zangu huniuliza habari za vyama vya siri vya Chuo Kikuu cha Yale, tena kwa sauti ile ile wanayotumia kuzungumzia matangazo ya frimasoni yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme: je, ni kweli wanatoa kafara, na ni kweli kwamba mtu akishajiunga utajiri humfuata mwenyewe? Najua swali hilo linatoka wapi, lakini naamini linatupeleka mbali na jambo lenyewe. La kuuliza ni nani anaingia katika vyama hivyo, nani anamchagua, na miaka 30 baadaye watu hao wamekalia viti gani.

Chama mashuhuri kuliko vyote hapa ni Skull and Bones, yaani Fuvu na Mifupa, kilichoanzishwa mwaka 1832 na wanafunzi wawili, William Huntington Russell na Alphonso Taft. Jengo lake, ambalo wenyewe hapa huliita kaburi, liko katika mtaa wa High, katikati ya chuo. Ni la mawe ya rangi ya hudhurungi, na mpita njia haoni chochote cha ndani. Kila mwaka wanachama 15 wanaokaribia kuhitimu huchagua wanafunzi 15 wa mwaka wa tatu ili warithi nafasi zao. Hakuna fomu ya maombi wala mtihani, na asiyechaguliwa hana pa kukata rufaa. Waliochaguliwa hukutana usiku katika mwaka wao wote wa mwisho, na kila mmoja huwasimulia wenzake maisha yake kwa kirefu, pamoja na yale ambayo mtu kwa kawaida humwambia ndugu yake wa tumbo moja tu. Nadhani nguvu yote imo humo. Vijana 15 wakishajuana kwa kina hicho wakiwa na umri wa miaka 21 au 22, hawahitaji kiapo cha kutisha ili mmoja wao aipokee simu ya mwenzake baada ya miaka 20.

Historia inaonyesha simu hizo zilikofika. Alphonso Taft alikuja kuwa waziri wa vita na kisha mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani. Mwanawe, William Howard Taft, naye mwanachama, alikuwa rais kuanzia mwaka 1909, na baada ya hapo akawa jaji mkuu. Prescott Bush alikuwa mwanachama, mwanawe George H. W. Bush alikuwa mwanachama, na mjukuu wake George W. Bush pia. Mwaka 1931 nyumba mbili za benki ziliungana na kuzaa Brown Brothers Harriman, na miongoni mwa wabia wake walikuwamo Prescott Bush, Averell Harriman na Robert Lovett, wote watatu wa chama hicho kimoja. Harriman akawa balozi wa Marekani mjini Moscow wakati wa Vita Kuu ya Pili, Lovett akawa waziri wa ulinzi mwaka 1951, na Prescott Bush akaingia katika Baraza la Seneti. Mwaka 2004 Wamarekani walipokwenda kumchagua rais, wagombea wote wawili wa vyama vikubwa vya siasa, George W. Bush na John Kerry, walikuwa wamepita katika jengo lile lile la mtaa wa High, wakiachana kwa miaka miwili tu. Mpiga kura alikuwa na haki kamili ya kuchagua, lakini mchujo wa awali ulikwisha kufanywa na wanafunzi katika miaka ya 1960.

Haki inataka niseme kwamba chama hakikumtajirisha Harriman, kwa kuwa baba yake alikuwa tayari miongoni mwa matajiri wakubwa wa reli nchini humo. Hilo ndilo ambalo matangazo ya kwenye nguzo yanatuficha, maana yanamwahidi fukara utajiri, hali vyama hivi kwa miaka mingi viliwakutanisha waliokwisha kuwa nacho, vikawapa kuaminiana. Mali bila kuaminiana hugawanyika na kupotea kwa kesi na ugomvi wa warithi, kama tunavyoona kwenye mashamba ya kahawa kule Kibosho na Marangu, ila mali iliyofungamanishwa na watu wanaoaminiana hudumu vizazi vitatu na zaidi.

Kisa cha mwaka 1991 kinanifundisha zaidi kuliko orodha ya marais. Yale ilianza kupokea wanawake katika shahada ya kwanza mwaka 1969, lakini zaidi ya miaka 20 baadaye Skull and Bones bado kilikuwa cha wanaume watupu. Wanachama waliokuwa wanahitimu mwaka ule wakaamua kuchagua na wasichana, na wazee wao, yaani wahitimu wa zamani wanaomiliki jengo, wakabadilisha makufuli ili vijana wasiingie. Kundi jingine la wahitimu, akiwamo mwandishi maarufu William F. Buckley, lilikwenda mahakamani kuzuia mabadiliko hayo, na jambo likamalizwa kwa kura iliyowaruhusu wanawake. Vijana walidhani chama ni chao, wakagundua kwamba funguo zinashikwa na watu wazima wenye benki, magazeti na ofisi za mawakili. Kwa hiyo mtu anapotaja vyama vya wanafunzi, namwomba akumbuke kwamba wanafunzi ni wapangaji tu.

Uingereza nayo ina mambo yake, na sitakaa sana huko: klabu ya Bullingdon ya Oxford, iliyoanza mwaka 1780 na kujulikana kwa vijana matajiri na karamu zao za fujo, iliwalea David Cameron, George Osborne na Boris Johnson, wawili kati yao wakawa mawaziri wakuu.

Sasa nirudi nyumbani. Kwa Wamasai na Waarusha, kijana aliingia rika pamoja na wenzake wote wa umri wake. Yapo mambo ambayo wazee waliwafunda pembeni, kwa hiyo siri ilikuwapo, na wanawake waliwekwa nje, jambo ambalo sipendi kulipamba. Hata hivyo rika lilikuwa la vijana wote wa kiume, wala halikuwa la wateule 15. Na ni Arusha hiyo hiyo iliyolipa jina Azimio la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Baadaye serikali ikataifisha shule, na nafasi za sekondari zikagawanywa kwa kuangalia mikoa. Wazazi wetu wa Kilimanjaro waliumia, kwani mtoto wao mwenye alama za juu aliweza kubaki nyumbani huku wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akienda shule, ndiyo maana mkoa ulijaa shule za binafsi na za makanisa. Nayaelewa maumivu yao, na bado nasema kwamba utaratibu ule uliwakalisha dawati moja mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkurugenzi, jambo ambalo New Haven, mji wenye chuo chenye akiba ya zaidi ya dola bilioni 40 na mitaa ya watu maskini kando yake, haijaliweza hadi leo.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunalibomoa wenyewe. Azimio lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo Moshi na Arusha zina shule ambazo ada yake hutajwa kwa dola, na watoto wake hawakutani kabisa na wa shule ya kata isipokuwa barabarani. Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara kule Old Moshi, nilimsikia binti mwenye shahada ya hisabati akimweleza mjomba wake kwamba ameomba kazi katika taasisi moja. Mjomba hakumwuliza alisoma nini wala alipata daraja gani. Aliuliza, "Una mtu pale?" Binti akajibu, "Hapana, mjomba," na mzee akamwambia asijisumbue kungoja majibu. Waliokaa karibu walitikisa vichwa kama watu waliosikia jambo la kawaida kabisa, kisha sahani za ndizi zikaendelea kupita.

Hatuna kaburi la mawe wala fuvu, lakini tuna vimemo, yaani vijikaratasi vya kumpendekeza mtu apewe nafasi, tuna makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja ambamo nafasi ya kazi hupita na kujazwa kabla haijatangazwa, na tuna koneksheni, ambayo watu huisifia kana kwamba ni kipaji. Mimi pia nimo katika kundi la namna hiyo, la wahitimu wa sekondari yetu, na wengi humo ni watu wema wanaosaidiana kwa nia njema. Hata wale wa Yale, nadhani, kila mmoja alipompa mwenzake kazi aliona anamsaidia tu rafiki anayemjua vizuri. Asiyekuwamo ndiye anayelipa gharama ya wema huo, wala hajui kwamba kulikuwa na nafasi.

Kwa sababu hiyo nimewaandikia viongozi wa umoja wetu nikipendekeza kwamba kila nafasi ya kazi inayotajwa kundini ipelekwe siku hiyo hiyo kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, na kwamba katika mkutano wa Desemba yasomwe majina ya wote waliopata kazi kwa kupitia kwetu, pamoja na uhusiano wao na aliyewasaidia. Mmoja amenijibu kwamba kusoma majina hayo kutawaaibisha watu. Nimemwuliza ni aibu ya nini, ikiwa kila mmoja wao alistahili, na bado nasubiri anijibu.